Ubao, Kalamu na Nia: Mchoraji wa Omdurman Aeleza Kazi Yake

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Kila mtu wa pwani aliyesomea chuo cha kizamani aujua ubao. Twaujua uzito wake mapajani, twaijua harufu ya wino wa masizi, na twaikumbuka ile furaha ya kuuosha baada ya kuhifadhi, ili maalimu akuandikie sehemu nyingine. Leo nataka kuzungumza juu ya mtu ambaye ubao huo haukumtoka mkononi maisha yake yote, ijapokuwa kazi aliyoishika siyo ya ualimu bali ni ya kuchora picha.

Sababu ya kuandika ni hii. Mama mmoja wa mtaani kwetu alinijia na bahasha nene, ndani yake michoro ya mwanawe wa miaka kumi na mitatu. Akaniuliza, "Maalimu, hizi nizichome au niziweke?" Nikamwambia, "Mwanangu, nipe siku chache." Nilikuwa na jibu tayari ulimini, jibu nililolizoea kwa miaka arubaini ya kusomesha, lakini nilijizuia. Niliona kuwa nimewahukumu wachoraji siku zote bila ya kumsikiliza hata mmoja wao akieleza anachokifanya. Mjukuu wangu akaniletea kitabu cha picha na maelezo ya Ibrahim El-Salahi wa Sudan, nami nikakisoma kama nisomavyo kitabu cha mtu nisiyekubaliana naye, yaani polepole.

El-Salahi alizaliwa Omdurman mwaka 1930. Baba yake alikuwa mwalimu wa Qur'ani, na chuo kilikuwa pale pale nyumbani. Huko Sudan ilikuwa ada ya mwanafunzi akimaliza sehemu ya Qur'ani ubao wake upambwe kwa rangi na nakshi, naye mwenyewe amesimulia kwamba jicho lake lilianza kufunguka hapo. Hata alipokuwa mtu mzima na jina lake limeenea, alipoulizwa asili ya sanaa yake aliurejea ule ubao wa baba yake. Mwaka 1954 alikwenda London kusoma katika chuo cha sanaa cha Slade, akamaliza 1957 na kurudi Khartoum kufundisha.

Sasa sikiliza yaliyomfika. Aliporudi alitayarisha maonyesho ya kazi zake katika hoteli kubwa ya Khartoum. Zilikuwa picha za namna aliyofunzwa Uingereza: sura za watu, vitu vilivyopangwa mezani, na hata miili isiyo na nguo. Watu walikuja siku ya ufunguzi, wakanywa sharubati, wakaenda zao. Hapakuwa na aliyerudi. Mwenyewe amelieleza jambo hili bila ya kuficha aibu yake.

Hapa ndipo nilipoanza kumheshimu. Mwingine angesema kuwa watu wake ni wajinga, hawajui sanaa, na angerudi Ulaya akasifiwe huko. El-Salahi alijiuliza kosa lake liko wapi. Aliiacha kalamu yapata miaka miwili, akazunguka nchi yake, akatazama watu wamepamba nini nyumbani mwao: vyungu, mikeka, vitanda, mbao za Qur'ani, na khati ukutani. Kisha akaanza kuandika maneno madogo ya Kiarabu pembeni mwa picha, kiasi cha stempu ya barua. Watu wakasogea. Akayatandaza maneno katika picha nzima, nao wakasogea zaidi. Basi kama hukupata jingine katika makala haya, ndugu msomaji, lichukue hili: mwenye ujuzi akikataliwa na watu wake, asiwe mwepesi wa kuwatia wao makosani.

Baada ya hapo akafanya jambo ambalo mimi, kwa malezi niliyolelewa, lanipa tabu. Alianza kuzivunja herufi. Alitaka kujua ndani yake mna nini, na anasema kuwa katika vipande vyake yalimtokea maumbo ya watu, ya wanyama na ya mimea. Katika picha yake kubwa aliyoifanya baina ya 1961 na 1965, ambayo imo katika hazina ya jumba la Tate la London, nyuso ndefu zenye macho yaliyozama zinasimama kama zimetoka katika mikunjo ya alifu na lamu. Rangi zake ni za udongo: kahawia, nyeusi, na nyeupe iliyofifia. Nimeiona kitabuni tu, wala sidai kuwa nimesimama mbele yake. Hata hivyo nilihisi kama mtu aliyeingia usiku katika nyumba ya wazee waliokwisha kufa.

Nguvu yake siikatai. Ninachokitaja ni khitilafu yetu. Waandishi wa Siyu, katika kisiwa cha Pate, walionakili misahafu kwa mkono karne za nyuma, waliyapamba maandishi kwa wekundu na umanjano, na mapambo yao yakaitumikia herufi, ipate kusomeka na kutukuzwa. Kwa El-Salahi herufi ndiyo iliyoitumikia picha, mpaka ikaacha kusomeka. Ni kweli kwamba alichokivunja ni umbo la herufi, na kuvunja umbo si sawa na kuchezea aya. Lakini wako wachoraji wa siku hizi waliomfuata bila ya kupitia ubao alioupitia yeye. Huandika jina tukufu kwa brashi juu ya turubai wasijue kalamu hukatwa vipi, kisha wakaliita pambo la sebuleni. Aliyeijua herufi kwanza ndiye anayeweza kuivunja kwa adabu. Asiyeijua atakuwa ameharibu tu.

Mwezi wa Septemba 1975 El-Salahi, aliyekuwa na cheo kikubwa katika wizara ya utamaduni ya nchi yake, alikamatwa akituhumiwa kuhusika na jaribio la kuipindua serikali. Alitiwa katika gereza la Kober, Khartoum, akakaa zaidi ya miezi sita bila ya kushitakiwa. Mfungwa aliyekutwa na karatasi au kalamu aliadhibiwa. Yeye alikuwa akiokota vipande vidogo vya karatasi, akachora juu yake kwa kijipande cha penseli, kisha akavifukia mchangani walinzi wasivione.

Yatazame haya kwa makini. Alipokuwa huru alikuwa na kitambaa cha pamba cha zaidi ya mita mbili kila upande. Gerezani alikuwa na kipande kisichozidi kiganja. Udogo ule haukumnyamazisha, bali ulimfunza njia mpya. Alianza kuwaza picha inayoota kutoka kiini kimoja kidogo, kipande kikiunganishwa na kipande, kila kimoja kikiwa kamili, na vyote pamoja vikiwa kitu kimoja. Baada ya kuachiwa alitia kumbukumbu za kifungo katika daftari la mwaka 1976, nalo liko katika jumba la sanaa la MoMA, New York. Kisha akahamia Qatar, na huko, baina ya 1984 na 1985, akachora kwa wino mweusi kazi yake iitwayo kwa Kiingereza *The Inevitable*, yaani lisiloepukika. Ina vipande tisa, na ndani yake imeinuka mikono yenye ngumi zilizofumbwa.

Kwa maoni yangu kazi hii yaishinda ile ya kwanza. Ile ya kwanza ina uzuri wa mtu anayetafuta. Hii ina ukweli wa mtu aliyetahiniwa. Nyeusi yake na nyeupe yake ni ile ile ya wino na ubao, na kule kugawika kwake vipande tisa si pambo, ni alama ya gereza lenyewe. Hapa kilichotumika kuchorea na kilichokusudiwa kusemwa havitengani. Na hicho ndicho kipimo ambacho mchoraji yeyote, awe Mwislamu au asiwe, hawezi kukikwepa.

Uzeeni, akiishi Oxford na akisumbuliwa na maumivu ya mwili, alichora juu ya pakiti tupu za dawa alizokuwa akizitumia. Hata ugonjwa akaufanya karatasi. Na kwa miaka mingi amekuwa akichora mti wa haraz, ambao ni wa jamii ya migunga na humea kandokando ya Nile. Mti huu hukauka majani wakati wa mvua, miti mingine inaponawiri, na wakati wa kiangazi, mingine ikikauka, wenyewe huchanua. El-Salahi ameuona kuwa ni mfano wa mtu mwenye msimamo wake. Mimi nikausoma mti huo kwa njia yangu. Twaipata katika Sahihi ya Bukhari habari ya mtu aliyekuwa akipata riziki yake kwa kutengeneza picha, akamwendea Ibn Abbas, radhi za Mungu ziwe juu yake. Ibn Abbas alimwonya, kisha hakumfungia mlango: alimwelekeza kwenye miti na vitu visivyo na roho. Sisemi kuwa El-Salahi alichora mti kwa sababu hiyo. Nasema tu kwamba mlango upo, na ni mpana kuliko tunavyowaambia watoto wetu.

Kuhusu zile nyuso na maumbo ya watu, rai ya waalimu wangu siiachi, na anayefuata wanazuoni wenye rai nyingine atajibu kwa Mola wake. Hata hivyo kukataa jambo moja katika kazi ya mtu si ruhusa ya kuidharau kazi yote.

Sasa niungame jambo. Zamani, nilipokuwa kijana katika ualimu, mwanafunzi wangu mmoja alichora jahazi kwa wino wa masizi pembeni mwa sura niliyomwandikia. Tanga lake lilikuwa limejaa upepo hata leo naliona. Niliufuta ubao mbele ya wenzake, nikamchapa, nikamwita mchezaji. Hakurudi chuoni. Jahazi halina roho, ndugu zangu. Ningaliweza kumwambia, "Mwanangu, hapa ni mahali pa Qur'ani, chukua karatasi hii ukachoree hapa." Maneno hayo yasingenigharimu kitu. Kwa hasira ya dakika moja nilimnyima mtoto herufi na picha pamoja.

Yule mama nilimwita baada ya siku nne. Nikamwambia, "Usizichome. Mwambie kijana alete ubao wake na karatasi zake. Tutaanza na kukata kalamu ya tete, tufuate na alifu na be, kisha atanichorea mkungu wa mbele ya msikiti. Nitamwuliza mambo matatu: umechorea nini, umemchorea nani, na nia yako ilikuwa ipi." Akacheka, akasema, "Maalimu, hata mimi mwenyewe huniulizi hivyo." Kijana amekwisha kuja mara tatu. Mkungu wake bado una matawi machache, ila alifu yake imesimama.

Mwenyezi Mungu atuongoze katika nia zetu na atusamehe yaliyopita. Wallahu aalam. Wabillahi taufiq.