Uhakiki wa Istilahi Tatu za Antena za Mawimbi Yasiyofika Milimita

Istilahi hupimwa katika sentensi, wala si katika orodha. Kipimo hiki kina uzito wake huko Juja, baina ya Ruiru na Thika. Hapo Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta, kilichoanzishwa kama chuo mwaka 1981, hufundisha uhandisi kwa Kiingereza, ilhali mafundi wa Thika, mji wa mto Chania, hukereza na kuchonga vyuma kwa Kiswahili pia.

Tutwae antena zitumiazo mawimbi yenye urefu usiofika milimita, yaani mitetemo zaidi ya bilioni 300 kwa sekunde. Kuyaita "mawimbi mafupi sana" kunapotosha, kwani wasikilizaji wa redio wamekwisha kuzoea "mawimbi mafupi" yenye urefu wa makumi ya mita. "Viwimbi" nalo halifai: kiambishi hicho hudunisha kimo cha wimbi, hali kipimo kitakiwacho ni umbali wa kilele hadi kilele. "Mawimbi yasiyofika milimita" ni refu, lakini ni kweli.

Pili, "metauso" ni chotara asiyesema lolote. Kinachotenda kazi hapo ni vijiguzo vidogo kuliko wimbi lenyewe. Ukubwa wao ukibadilishwa hatua kwa hatua, wimbi litambaalo juu yao huachia nguvu zake kuelekea upande aliouchagua mhandisi. "Uso wa nakshi" lafaa zaidi, mradi ikumbukwe kwamba nakshi za milango ya Lamu hupamba, na hizi huongoza.

Tatu ni utengenezaji wa uso huo. Kukereza kwahitaji kitu kizungushwe. Kuchonga kwahitaji makali. Hapa silikoni huondolewa kwa gesi yenye chaji za umeme pale pasipofunikwa, kisha hupakwa dhahabu. Kiswahili husema kutu hula chuma. Basi na gesi yaila silikoni.

Huenda wataalamu wakaliona "kula" kuwa neno la jikoni. La hasha! Ni neno ambalo fundi angelielewa bila mkalimani. Likidharauliwa, mhandisi atahitimu Juja asiweze kumweleza fundi wa Thika kazi yake, na kosa halitakuwa la Kiswahili.