Kamba Iliyokatwa na Moro: Uhakiki wa Florante at Laura

Francisco Balagtas alizaliwa mwaka 1788 huko Bigaa, mkoani Bulacan, katika kisiwa cha Luzon, wakati Ufilipino ilipokuwa koloni la Hispania. Utenzi wake mkuu, Florante at Laura, yaani Florante na Laura, ulitungwa kwa Kitagalog, na toleo lake la kwanza linatajwa kuwa la mwaka 1838. Heshima yake katika taifa hilo ni kubwa: Apolinario Mabini, alipohamishiwa Guam na Wamarekani mwaka 1901, aliuandika kwa mkono wake kutoka kichwani. Hata leo unasomwa katika shule za sekondari za nchi hiyo.

Wahakiki wengi wameuchukua utenzi huu kuwa fumbo. Albania ya hadithi ni Ufilipino. Adolfo, mnyang'anyi wa kiti cha enzi, ni utawala wa kikoloni. Msitu wa giza ambamo Florante amefungwa mtini ni taifa lililo utumwani. Usomaji huo una haki yake, kwani maandishi ya wakati ule yalichapwa kwa idhini ya serikali na ya kanisa, na mtunzi hakuweza kusema yote waziwazi. Hata hivyo, ukiachwa peke yake unaupunguza utenzi. Unautafuta ujasiri wa mtunzi nyuma ya pazia, hali sehemu kubwa ya ujasiri huo imesimama mbele ya macho ya msomaji.

Kwa upande wa fani, utenzi huu ni wa bahari iitwayo awit. Una beti 399. Kila ubeti una mishororo 4, kila mshororo una mizani 12, na sauti hupumzika baada ya mizani ya 6. Msomaji wa tenzi za Kiswahili atatambua mara moja ujirani na tofauti. Katika utenzi wa Kiswahili vipande 3 vya mizani 8 hukubaliana kwa vina, na kipande cha 4 hubeba kina kinachopita utungo mzima. Katika awit hakuna kina cha namna hiyo: mishororo yote 4 hukubaliana, kisha ubeti hujifunga. Kwa hiyo kila ubeti husimama kama kauli kamili, na ndiyo sababu mojawapo ya beti zake nyingi kukaririwa kama methali.

Maudhui yake hayaeleweki pasipo kukumbuka mchezo wa jukwaani ulioitwa komedya au moro-moro, ambao Balagtas mwenyewe aliutungia maandishi. Wahispania, waliokwisha kupigana na Waislamu kwao, waliwapa Waislamu wa Mindanao na Sulu jina lile lile la Moro, wakapigana nao kwa karne nyingi. Vita hivyo viliingizwa jukwaani. Mkristo hushinda, Moro hushindwa au hubatizwa, na watazamaji hurudi nyumbani wakijua adui ni nani.

Balagtas anachukua watu hao hao na kuwapanga kwa namna nyingine. Florante, shujaa Mkristo, amefungwa kwa kamba na Mkristo mwenzake. Simba wawili wanamkaribia. Anayewaua simba na kuikata kamba ni Aladin, mwana wa mfalme wa Uajemi, Mwislamu. Florante anapozinduka na kujiona mapajani mwa Moro, anashtuka. Aladin anamtuliza kwa hoja, wala si kwa upanga: dini zao ni mbali, lakini yeye pia ana moyo wa binadamu, naye amefungwa na amri ya mbingu ya kumhurumia aliye taabuni.

Hoja hiyo inatiwa nguvu na muundo wa hadithi. Florante anamlilia baba aliyempenda, Duke Briseo, aliyeuawa na Adolfo. Aladin naye analia kwa sababu ya baba yake mwenyewe, Sultan Ali-Adab, aliyemtamani Flerida, mchumba wa mwanawe, akamhukumu mwana kifo, kisha akamfukuza nchini. Hivyo dhuluma iko Albania na iko Uajemi; iko kwa Mkristo na iko kwa Mwislamu. Zaidi ya hayo, Adolfo anapomshika Laura msituni ili kumnajisi, anayemuua kwa mshale ni Flerida, mwanamke Mwislamu. Watazamaji wa komedya waliozoea kumtambua adui kwa dini yake wananyang'anywa alama hiyo. Hapa ndipo penye ujasiri wa mtunzi, na hapahitaji ufunguo wa fumbo.

Lakini mhakiki mwaminifu hana budi kufika mwisho wa utenzi. Aladin na Flerida wanabatizwa kabla ya kurudi Uajemi kutawala. Inawezekana kudai kwamba mtunzi hakuwa na njia nyingine mbele ya mapadre. Dai hilo linaeleza sababu, haliondoi athari. Mtu aliyethibitisha kwamba utu hautegemei dini anatakiwa, mwishoni, abadili dini ili hadithi ifungwe kwa amani. Komedya iliyofukuzwa mlango wa mbele imeingia kwa mlango wa nyuma.

Swali hili si la kale tu. Vita vya kusini mwa Ufilipino vilileta makubaliano ya amani ya mwaka 2014, na mwaka 2019 likaundwa jimbo la utawala wa ndani la Bangsamoro. Mwanafunzi Mwislamu wa Mindanao anayesoma utenzi huu darasani anakutana na Aladin wa msituni na Aladin wa kisima cha ubatizo. Mwalimu anayeishia kusema kwamba Adolfo ni Mhispania hajamjibu.

Katika dibaji yake Balagtas aliwaomba wasomaji wasiyageuze maneno ya beti zake. Wahakiki nao wanahusika na ombi hilo, maana anayegeuza kila jina kuwa jina jingine amegeuza utungo pia. Florante at Laura udumu kusomwa pamoja na ujasiri wake na pamoja na mpaka uliouzuia ujasiri huo.