"Juu" na "Chini" katika Matundu ya Amplifaya

Miongoni mwa rasimu zilizotufikia ili tuzitolee maoni imo tafsiri ya kijitabu cha matumizi ya amplifaya ya gitaa. Kwa jumla kazi ni nzuri na lugha yake ni fasaha. Hata hivyo, palipotajwa matundu mawili ya kuchomekea waya wa gitaa, moja la "high gain" na la pili la "low gain", mfasiri ameandika "tundu la faida ya juu" na "tundu la faida ya chini". Kosa la "faida" ni dhahiri. Hilo ni neno la hesabu za duka. Tunaloliona kuwa na madhara zaidi ni "juu" na "chini", kwa kuwa maneno haya yanaonekana kuwa sahihi.

Mswahili asemapo sauti ya juu huwa na maana mbili: sauti nyembamba, au sauti yenye nguvu. Tundu hilo halina maana yoyote kati ya hizo. Mwalimu wa muziki akisoma "chini" atachomeka humo gitaa la besi, na la solo atalipeleka "juu", akiamini kuwa ametii maelekezo.

Je, matundu hayo hufanya nini? Tuchukue amplifaya za Fender za miaka ya 1960, ambazo matundu yake yameandikwa 1 na 2. Gitaa likichomekwa peke yake katika tundu la 2, vikinzani viwili vya kiloomu 68 hugawana volti zake, na nusu tu, yaani pungufu ya desibeli 6, ndiyo hufika kwenye vali ya kwanza. Vali yenyewe hukuza kwa kiasi kile kile. Aidha, ukinzani wa tundu hushuka kutoka takriban megaomu 1 hadi kiloomu 136, na kwa sababu hiyo sauti nyembamba za gitaa hufifia kidogo. Lakini wapigaji wawili wakitumia matundu yote mawili kwa wakati mmoja, yote huwa sawa: tofauti ya "juu" na "chini" imetoweka ilhali hakuna aliyegusa kitufe chochote.

Marshall 2203, iliyotolewa mwaka 1975, ina mpango mwingine kabisa. Ishara inayoingia kwa "high" hupitia hatua ya kwanza ya ukuzaji. Ile ya "low" huiruka. Kati ya mifano hii miwili, ni hapa tu ambapo "ukuzaji mdogo" lingekuwa jina la kweli.

Ndiyo maana hatuungi mkono "ukuzaji" kwa matundu haya, ingawa ni kisawe kizuri cha "gain" penginepo. Tunapendekeza "usikivu", neno walilolizoea wasikilizaji wa redio. Tundu la usikivu mkubwa hutosheka na ishara ndogo. La usikivu mdogo huhitaji ishara kubwa, kama ile ya gitaa lenye betri ndani yake. Jina hili humweleza mpigaji kinachomhusu bila kudai lolote kuhusu mpango wa nyaya.

"Amplifaya" nalo libaki. "Kipaza sauti" tayari limetwishwa maikrofoni na spika.

Na pale chombo kilipoandikwa 1 na 2 tu, mfasiri aziache namba hizo kama zilivyo, maelezo ayaweke kitabuni.