Kipandikizi cha Gego la Juu Hushikwa na Nini?

Mwaka 1991 Jaffin na Berman walichapisha hesabu iliyowatia wasiwasi madaktari wa meno. Kati ya vipandikizi, yaani skrubu za titani za kubeba meno bandia, vilivyowekwa kwenye mfupa laini kuliko yote, asilimia 35 vilishindwa. Kwenye mifupa migumu zaidi vilishindwa asilimia 3 tu. Mfupa huo laini, daraja la nne katika mgawanyo wa Lekholm na Zarb wa 1985, hupatikana zaidi nyuma ya taya la juu, kwenye magego. Ni kweli vipandikizi vya wakati ule vilikuwa na uso laini. Vya leo hupigwa mchanga na kulowekwa katika tindikali ili mfupa uvishike upesi, na matokeo yamekuwa mazuri zaidi. Taya lenyewe, hata hivyo, ni lile lile.

Gamba lake la nje ni jembamba, ndani ni vijitundu na mafuta. Juu yake kuna sainasi, uwazi wa hewa ambao hutanuka kushuka chini baada ya gego kung'olewa, hata mtu aliyekaa na pengo miaka mingi aweza kubakiwa na milimita 4 au 5 tu za mfupa. Na hapo ndipo kishindo cha kutafuna kinapoangukia.

Daktari akitoboa hapo kama anavyotoboa taya la chini, skrubu ya titani itaingia kama msumari kwenye mgomba. Kwa hiyo tundu huachwa dogo makusudi: kwa kipandikizi cha kipenyo cha milimita 4.1, kekee ya mwisho yaweza kuwa ya 2.8 badala ya 3.5, skrubu ijibane yenyewe. Summers, mwaka 1994, alikwenda mbali zaidi. Badala ya kuchimba mfupa na kuutoa, aliusukuma pembeni kwa vyuma vya mviringo vilivyogongwa kwa nyundo ndogo, na kwa njia hiyo hiyo akainua sakafu ya sainasi. Njia nzuri, ila kugongwa kichwa si jambo la mzaha: wapo wagonjwa walioinuka kitini wakiwa na kizunguzungu. Siku hizi kuna kekee zinazozungushwa kinyumenyume, zinazoshindilia mfupa ukutani mwa tundu bila nyundo. Binafsi naona hizo ndizo zinazofaa zaidi, mradi maji ya kupoza yasikatike.

Ncha ya kipandikizi ikifika kwenye gamba la sakafu ya sainasi, hushikwa juu na chini. Mfupa usipotosha hata kwa hilo, hapana budi kupandikiza mfupa kwanza, kazi iliyoelezwa na Boyne na James mwaka 1980.

Kisha huja vipimo, na hapa wengi huchanganya mambo. Spana ya kukazia hupima jinsi skrubu inavyokataa kuzunguka. Ikifika niutoni-sentimita 35, daktari hupumua. Kipimo cha mtetemo ni kitu kingine. Kigingi kidogo hufungwa juu ya kipandikizi, kikatikiswa kwa sumaku bila kuguswa, na kifaa kikatoa namba kati ya 1 na 100 inayoonyesha jinsi kinavyokataa kuyumba. Zaidi ya 70 ni imara. Chini ya 60, subira.

Subira hiyo ina sababu. Mshiko wa siku ya kwanza ni wa kubanwa tu. Wiki chache baadaye mwili huanza kuula mfupa uliobanwa kabla mpya haujakomaa, na namba hushuka. Jino likifungwa na kutumiwa kutafuna wakati huo, kipandikizi huchezacheza na kuzungukwa na nyama badala ya mfupa. Brånemark, daktari wa Sweden aliyeanza kazi hii kwa binadamu mwaka 1965, alisubiri miezi 3 kwa taya la chini na 6 kwa la juu. Muda umepungua kwa nyuso mpya, lakini tofauti ya mataya haijafutika.

Basi ukiahidiwa gego la juu siku hiyo hiyo, uliza namba ya mtetemo ni ngapi. Ikiwa haikupimwa, omba usubirishwe.