Barua za Kompyuta na Upatanisho wa Kisarufi

Barua pepe ambazo makampuni huwapelekea wateja mara nyingi hutungwa na waandishi wa programu, na mazoea ya kazi hiyo hudhihirika ndani yake. Mwandishi wa programu hutunga sentensi moja, akaacha pengo, kisha kompyuta ikajaza tarakimu. Katika Kiingereza pengo hilo huleta dosari ndogo ya umoja na wingi. Katika Kiswahili huvunja sentensi nzima: "Vitabu 1 vimetumwa." Tarakimu ikibadilika, hapana budi jina na kitenzi vibadilike pamoja: kitabu 1 kimetumwa, vitabu 3 vimetumwa, mzigo 1 umefika, mizigo 2 imefika.

Kadhalika, mnunuzi huitwa "mtumiaji", na anwani aliyoikosea huitwa "batili", neno tulilolizoea katika ndoa, mikataba na hukumu. Mteja hujiona amehukumiwa, wala haambiwi arekebishe nini.

Kwa maoni yetu, istilahi sanifu peke yake haitoshi. Yafaa kila sentensi itungwe mara mbili, kwa umoja na kwa wingi, na mjuzi wa lugha aisome kabla haijamfikia mteja.