Waarmenia wa Jukwaa la Istanbul

Ukiwapongeza waigizaji wa Uturuki, anza na Waarmenia. Hagop Vartovian, maarufu kwa jina la Güllü Agop, aliongoza kundi lake mtaani Gedikpaşa, Istanbul, na mwaka 1870 serikali ya Waosmani ikampa peke yake, kwa miaka 10, haki ya kuonyesha michezo ya Kituruki jijini humo. Wakosoaji waliicheka lafudhi ya waigizaji wake. Haya, na nani mwingine angepanda jukwaani? Wanawake wa Kiislamu walikatazwa, kwa hiyo bibi wa Kituruki mchezoni kwa kawaida alikuwa binti wa Kiarmenia.

Tarehe 1 Aprili 1873 wakaigiza “Vatan yahut Silistre” ya Namık Kemal, mchezo wa kuipenda nchi. Watazamaji walipandwa na mori, wakatoka wakishangilia barabarani. Haukupita muda mwandishi akapelekwa uhamishoni Kupro. Uzalendo huo, basi, watu waliusikia kwanza kutoka vinywa vya Waarmenia, ambao dola hiyohiyo ingewafukuza na kuwaua kwa halaiki kuanzia 1915.

Waliobaki waliendelea na kazi. Mwaka 1920 Afife Jale alishika nafasi iliyoachwa na mwigizaji wa Kiarmenia Eliza Binemeciyan; Afife ndiye anayehesabiwa mwanamke Mwislamu wa kwanza wa Kituruki kuigiza kitaalamu. Leo tuzo kubwa ya sanaa hiyo ina jina lake, na anastahili. Lakini polisi walipovamia kumkamata, inasimuliwa, aliyemtorosha kupitia bustani ya nyuma ni mwigizaji mwenzake Kınar Hanım, Mwarmenia.