Ugumu Uliomo Katika Mkunjo

Bati la alumini la unene wa milimita 1.5, ukilishika ncha mbili, hulegea na kuyumba kama mkeka. Fundi ninayemtazama, katika karakana moja ya Dar es Salaam, anataka kulitengenezea rafu ya betri ya boti: iwe nyepesi, isitetemeke injini ikinguruma. Hataongeza unene. Atalikunja.

Amechagua aloi ya 5052, yenye magnesi kiasi cha asilimia 2.5, kwa kuwa huvumilia maji ya chumvi na hukubali kukunjwa. Aloi ya 6061 iliyokazwa kwa joto ina nguvu zaidi, lakini ukiilazimisha kona kali hupasuka.

Analiinamisha bati kwenye mwanga, akitafuta mistari hafifu iliyoachwa na rola za kiwandani. Mikunjo mirefu, ndiyo itakayobeba mzigo, anaipanga ikate mistari hiyo. Mkunjo unaofuata mistari ndio huwahi kupasuka. Anachora kwa kalamu ya wino. Sindano ya chuma anaitumia pale tu mkasi utakapopita, maana mkwaruzo mdogo kwenye mkunjo ndipo ufa unapoanzia.

Halafu anakaa kwenye hesabu, na hapa hana haraka kabisa. Bati likikunjwa, upande wa nje huvutika na wa ndani hubanwa, hivyo ukijumlisha vipimo vya nje vya kila uso utakata bati refu kupita kiasi. Kwa kona ya nyuzi 90 yenye nusu kipenyo cha milimita 2 kwa ndani, anapunguza takriban milimita 2.8 kwa kila mkunjo. Hata hivyo haiamini karatasi peke yake: anakunja kipande cha masalio, anakipima kwa kalipa, anarekebisha, ndipo anarudi kwenye bati lenyewe.

Mistari ya mikunjo inapokutana kwenye kona, anatoboa tundu kwa keekee, ili metali ipate pa kujipenyeza isichanike. Mkasi unafuata. Kisha tupa laini, ukingo mzima, hata ule utakaofichwa ndani. Anapitisha kidole, anasimama, anarudia sehemu ya urefu wa ukucha.

Kukunja kwenyewe ni kazi fupi, ila mpangilio wake umefikiriwa mapema. Vijidomo vyembamba vya ukingoni vinatangulia. Kuta zikisimama kwanza, taya za mashine ya kukunjia hazitavifikia tena. Analibana bati, anainua mkono wa mashine polepole, anapita nyuzi 90 kidogo, anaachia. Alumini inarudi nyuma. Anaweka guni: mwanga haupenyi. Nimeona wengi wakimalizia kona kwa nyundo. Yeye nyundo yake ya mpira iko ukutani.

Sasa bati lile lile, uzito ule ule, limekuwa kitu kingine. Sakafu ya upana wa milimita 200 ikipewa kuta mbili za milimita 25, ukinzani wake dhidi ya kupinda kwa urefu huzidi mara 100 ule wa bati bapa. Kuongeza unene maradufu kungempa mara 8 tu, na uzito maradufu.

Anapunguza uzito zaidi kwa matundu matatu makubwa sakafuni. Kila tundu analiweka kati ya vipande viwili vya mbao ngumu vilivyochongwa, anakaza jiliwa robo kwa robo, na ukingo unajikunja chini kuwa mdomo wa mviringo. Mdomo huo unafidia ugumu uliotoka na kile kipande kilichokatwa. Mimi ningetazama hatua hii siku nzima.

Kona anazifunga kwa ribiti za alumini. Boti itafungiwa rafu hii kwa bolti za chuma kisichoshika kutu, nazo zikigusa alumini penye maji ya bahari huifanya ilike. Kwa hiyo anakata mikono midogo ya plastiki na washa zake, moja kwa kila tundu la bolti, na kujaribu kila bolti kabla ya kuitoa rafu mezani.